Albamu ya mseto ya Blind Guardian: je, ni makombo ya studio?

Msomaji wa Morogoro ameandika: "Mwalimu, shikamoo. Ninaimba sauti ya tena (sauti ya juu ya wanaume) katika kwaya ya kanisani, na hivi karibuni nimeanza kusikiliza hevi metali. Binamu yangu anayeishi Düsseldorf alinitumia albamu iitwayo The Forgotten Tales ya bendi ya Blind Guardian, akaniambia hao ndio mabingwa wa pawa metali, yaani hevi metali ya kasi yenye viitikio vya kuimbwa na ukumbi mzima. Nilitarajia magitaa ya kasi na ngoma za kishindo. Badala yake nikakuta wimbo wa akina bibi wa miaka ya hamsini, nyimbo za vijana wanaoteleza juu ya mawimbi, magitaa makavu yasiyotumia umeme, okestra, na umati unaoimba ukumbini. Je, hii ni albamu kamili, au ni makombo ya studio yaliyokusanywa ili yauzwe? Na kwa nini bendi ya namna hii iimbe Mr. Sandman?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, na jibu la swali lako la pili ndilo litakalojibu la kwanza, kwa hiyo nitatangulia kueleza albamu yenyewe imeundwaje kisha nikae kwa muda kwenye huo wimbo uliokushangaza.

The Forgotten Tales, ambalo kwa lugha yetu lingekuwa Hadithi Zilizosahaulika, ilitoka mwaka 1996 chini ya lebo ya Virgin. Ina nyimbo 13, na hakuna hata mmoja kati ya hizo uliotungwa mahususi kwa ajili yake. Sita ni kopi, kwa maana ile ile wanayoitumia wanamuziki wetu wa dansi wanaposema kwamba bendi ya hoteli inapiga kopi: Mr. Sandman, Surfin' U.S.A., The Wizard, Spread Your Wings, To France, na Barbara Ann uliounganishwa na Long Tall Sally. Tano ni nyimbo za bendi yenyewe zilizovuliwa mavazi yake ya umeme na kuvishwa mengine, yaani Bright Eyes na Mordred's Song kwa magitaa makavu, na Lord of the Rings, Black Chamber na Theatre of Pain kwa sauti za okestra. The Bard's Song umerekodiwa mbele ya watu, na A Past and Future Secret umechukuliwa jinsi ulivyokuwa katika albamu ya mwaka uliotangulia. Ukihesabu hivyo utakubaliana nami kwamba neno mseto linaifaa kuliko jina jingine lolote, na ndiyo maana hutaikuta ikihesabiwa katika orodha ya albamu kuu za bendi hii.

Sasa kuhusu neno lako makombo, ambalo ni kali lakini si la uongo. Katika biashara ya muziki ya miaka ya tisini, bendi ilipotoa singo ilihitaji kitu cha kujaza nafasi iliyobaki kwenye diski, na hapo ndipo kopi na matoleo tofauti ya nyimbo zake yalipopata makao. Tena, kampuni za Japani zilikuwa zikidai wimbo mmoja au miwili ya nyongeza kwa kila albamu ya kigeni, kwa sababu diski iliyochapwa Japani ilikuwa ghali kuliko ile iliyoagizwa kutoka nje, na mnunuzi alihitaji sababu ya kulipa zaidi. Matokeo yake, baada ya miaka mitano au sita, bendi ya pawa metali ilijikuta na nyimbo nyingi zilizotawanyika huku na huko, ambazo shabiki wa kawaida asingeweza kuzipata bila kutumia fedha nyingi. Albamu ya mseto ndiyo iliyoziokota. Stratovarius wa Ufini walifanya hivyo mwaka 2001 kwa Intermission, ambayo sehemu yake kubwa ni nyimbo za nyongeza zilizokuwa zimetolewa Japani, wakaongeza nyimbo chache mpya na kopi za Judas Priest na Rainbow. Helloween walichagua njia nyingine mwaka 1999, wakatoa Metal Jukebox ambayo ni kopi tupu, na ndani yake wamo hata ABBA na Beatles. Gamma Ray nao mwaka 2000 walirekodi upya nyimbo zao za zamani katika Blast from the Past. Kwa hiyo Blind Guardian hawakuwa peke yao, ila kwa maoni yangu wao ndio walioacha mseto unaofundisha zaidi, na sababu yake ni namna bendi yenyewe inavyoimba.

Bendi hii inatoka Krefeld, mji wa magharibi ya Ujerumani uliojulikana zamani kwa viwanda vya hariri na mahameli, ambao uko jirani kabisa na huko Düsseldorf aliko binamu yako. Walianza mwaka 1984 kwa jina la Lucifer's Heritage, na walipotoa albamu yao ya kwanza, Battalions of Fear, mwaka 1988, walikuwa wameshabadili jina. Kikosi kilichorekodi nyimbo zote unazozisikia katika mseto huu ni Hansi Kürsch kwenye sauti, André Olbrich kwenye gitaa la solo, Marcus Siepen kwenye gitaa la rithimu na Thomas Stauch kwenye ngoma. Gitaa la besi kwa miaka hiyo lilikuwa mikononi mwa Kürsch mwenyewe. Wakati huo Wajerumani wenzao wa Hamburg, Helloween, walikuwa wametoka kuonyesha kwa albamu mbili za Keeper of the Seven Keys, za mwaka 1987 na 1988, kwamba kasi ya ngoma zinazokanyagwa kwa miguu miwili inaweza kubeba kiitikio kitamu ambacho ukumbi mzima utaimba. Blind Guardian wa mwanzo walikuwa na kasi hiyo na walikuwa na ukali zaidi ya huo. Kilichowachukua muda kupata ni wingi wa sauti.

Hapo ndipo tunapofika kwa Mr. Sandman. Wimbo huu uliandikwa na Pat Ballard, na mwaka 1954 ulipanda hadi namba moja Marekani ukiwa umeimbwa na The Chordettes, kundi la wanawake wanne kutoka Wisconsin waliolelewa katika mtindo wa kuimba sauti nne bila kutegemea ala. Usikilize mwanzo wake kwa sikio la mwanakwaya. Kabla hata neno la kwanza halijaimbwa, sauti zinaingia moja baada ya nyingine, kila moja ikigonga noti yake kama mtu anayepiga vibao vya marimba, mpaka noti hizo zikijumlishwa unasikia kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, ikiwa imesimama hewani. Hakuna gitaa wala kinanda kinachotangulia kukuonyesha kodi ni ipi. Koo za watu ndizo zinazoijenga mbele yako. Sasa rudi kwenye toleo la Blind Guardian. Wameyahifadhi hayo maingilio, wakaanza kwa upole, na ndipo magitaa ya umeme yanapoingia na sauti ya Kürsch kugeuka kuwa ya mtu anayedai ndoto badala ya kuiomba. Wimbo mzima ni wa dakika mbili hivi, na kichekesho chake ni dhahiri, lakini ukiondoa kichekesho unabaki na funzo la jinsi sauti za watu zinavyopangwa juu ya sauti nyingine, na hilo ndilo somo ambalo bendi hii ilikuwa ikilisoma kwa miaka yote hiyo.

Kuna jambo jingine katika wimbo huo ambalo msikilizaji wa Kijerumani hulisikia upesi kuliko sisi. Sandman ni mzee wa hadithi za Ulaya ya kaskazini anayewanyunyizia watoto mchanga machoni ili walale. Kwa Wamarekani wa mwaka 1954 alikuwa mzee mwema wa kuombwa mchumba. Wajerumani wanaye pia Sandman wa mwandishi E.T.A. Hoffmann, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1816, ambaye haleti usingizi bali hung'oa macho ya watoto wasiotaka kulala. Bendi ya Krefeld inapouanza wimbo huo kwa ulaini na kuumalizia kwa ukali, mimi husikia Sandman wa kwanza akigeuka kuwa wa pili. Huo ni usikilizaji wangu, nawe si lazima uufuate, lakini jaribu kuusikiliza usiku taa zikiwa zimezimwa.

Surfin' U.S.A. unaufuata mara moja, na huu hawakuubadilisha sana, zaidi ya kuutia uzito wa magitaa. Beach Boys, kundi la Marekani, waliutoa mwaka 1963, maneno ya Brian Wilson yakiwa juu ya muziki wa Chuck Berry uliotangulia kutoka mwaka 1958 kama Sweet Little Sixteen, kwa hiyo Blind Guardian wanapiga kopi ya wimbo ambao wenyewe ulikuwa umeketi juu ya mgongo wa wimbo mwingine. Ni kweli kwamba inachekesha kusikia vijana wa mji wa hariri, ulio mbali na bahari, wakitaja fukwe za California. Hata hivyo zingatia kwamba katika kipindi hicho hicho cha 1963 Beach Boys walianza kurekodi sauti zao mara mbili mbili, yaani mwimbaji anaimba, kisha anaimba tena juu ya sauti yake mwenyewe, ili sauti chache zisikike kama kundi kubwa. Mbinu hiyo ndiyo mhimili wa Blind Guardian. Kiitikio unachokisikia katika albamu zao za miaka ya tisini si sauti ya mtu mmoja aliyepaza koo; ni Kürsch aliyejirekodi mara nyingi katika noti za juu, za kati na za chini, na kando yake wakawekwa waimbaji wa kuitikia. Mmoja wa hao waitikiaji alikuwa Rolf Köhler, ambaye sauti yake ilikuwa imeshasikika duniani kote bila watu kulijua jina lake, kwa sababu ndiye mmoja wa waliokuwa wakiimba viitikio vyembamba vya Modern Talking studioni. Wazee wenzangu waliocheza disko la miaka ya themanini watatabasamu hapa: sauti iliyowachezesha ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kuimba habari za mazimwi na mapanga.

Barbara Ann una historia inayofanana. The Regents waliuimba mwaka 1961, na Beach Boys wakauchukua mwaka 1965 katika albamu yao ya Party!, ambayo ilitengenezwa isikike kana kwamba marafiki wamekaa sebuleni na gitaa wakiimba nyimbo za watu wengine. Ona basi jinsi mambo yanavyozunguka: kopi iliyomo katika mseto wa Blind Guardian inatokana na kopi iliyomo katika mseto wa Beach Boys. Wimbo huu ulikuwa umeshatokea katika albamu ya Follow the Blind ya mwaka 1989, na pia katika ile ya jukwaani, Tokyo Tales, ya mwaka 1993. Mwenye albamu zote hizo anao mara tatu, na hapa ndipo lawama yako ya makombo inapopata nguvu. Kile kipande cha Long Tall Sally cha Little Richard kilichoshikizwa mwishoni ni furaha ya vijana studioni tu, wala sina la kukisemea zaidi.

Spread Your Wings unahitaji subira zaidi. Wimbo huu ni wa Queen, bendi ya Uingereza, katika albamu yao ya mwaka 1977 ya News of the World, na mtunzi wake ni John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya ambaye hakuwa mwimbaji. Unamhusu Sammy, kijana anayefagia baa huku akiota kuondoka, na bosi wake anamwambia kwamba anaota tu kila wakati bila kuwa na malengo ya kweli. Aliyeuimba kwa mara ya kwanza ni Freddie Mercury, ambaye alizaliwa Farrokh Bulsara mjini Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, kwa hiyo ukiusikia Morogoro unausikia karibu na nyumbani kwake kuliko anavyousikia binamu yako. Kürsch hakujaribu kumwiga Mercury, na alifanya vyema, kwa kuwa hakuna aliyejaribu akafaulu. Sauti yake ina mikwaruzo na nguvu ya kifuani, na katika beti anamsimulia Sammy kama mtu anayemfahamu, kisha kiitikio kinapofika anaungwa mkono na ukuta wa sauti. Queen ndio waliowafundisha wanamuziki wa roki kwamba watu watatu wanaweza kujirekodi mpaka wawe kwaya nzima, na Blind Guardian ni wanafunzi wao wa wazi kabisa. Wimbo huu ulikuwa umeongezwa kwenye baadhi ya matoleo ya Somewhere Far Beyond ya mwaka 1992 kabla ya kuletwa hapa.

Kopi mbili zilizobaki zinaonyesha upande mwingine wa malezi yao, yaani usimulizi. The Wizard ni wa Uriah Heep, bendi ya Uingereza, kutoka albamu ya Demons and Wizards ya mwaka 1972. Gitaa kavu, mzee mwenye uchawi, na kiitikio kipana, yaani karibu kila kitu ambacho Blind Guardian wangekuja kukifanya kwa ukubwa zaidi. Jina la albamu hiyo lilirudi baadaye, kwani Kürsch alipoanzisha kundi la pembeni na Jon Schaffer wa bendi ya Iced Earth, ambalo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2000, walilipa jina la Demons & Wizards. To France nao ni wa Mike Oldfield, wa mwaka 1984, ulioimbwa na Maggie Reilly kwa sauti laini kama maji, na unamgusa Maria, malkia wa Scotland aliyepelekwa Ufaransa akiwa mtoto na ambaye maisha yake yaliishia kwenye shoka mwaka 1587. Kumweka mwanamume mwenye sauti nzito mahali pa Maggie Reilly kungeweza kuwa mzaha wa pili wa albamu hii, lakini hawakufanya mzaha. Kwangu mimi hii ndiyo kopi bora kuliko zote sita, kwa sababu mdundo wa magitaa unaufanya uwe wimbo wa safari ya farasi bila kuupoteza ule upweke wa asili.

Nimekaa sana kwenye kopi kwa kuwa ndizo ulizozilalamikia. Tuje kwenye nyimbo zao wenyewe, ambazo mtu wa kwaya atazifaidi zaidi. Albamu ya Imaginations from the Other Side, iliyotoka mwaka 1995, ilisimamiwa na Flemming Rasmussen wa Denmark, prodyuza yule yule aliyekuwa na Metallica katika Ride the Lightning, Master of Puppets na ...And Justice for All. Ni albamu nzito iliyojaa mambo, magitaa mawili yakisemezana muda wote, kiasi kwamba msikilizaji mgeni hupotea njia. Chukua Mordred's Song kutoka hapo, uusikilize, halafu usikilize toleo la magitaa makavu katika The Forgotten Tales. Mordred katika hadithi za Mfalme Arthur ni mwana aliyezaliwa kwa aibu akaja kumwangamiza baba yake. Katika toleo la umeme unasikia hasira yake; katika toleo la gitaa kavu kasi imeondoka, na mlio uliokwaruzwa umeondoka, hivyo hakuna pa kuificha melodia, na ile hasira inasikika kumbe ilikuwa huzuni tangu mwanzo. Melodia haikubadilishwa. Jambo hilo hilo utalisikia katika Bright Eyes. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa gitaa kwamba wimbo uliotungwa vibaya huwa unategemea ngoma kubwa kusimama, na ngoma ikiondoka unaanguka. Nyimbo hizi mbili ziliondolewa ngoma zake zikabaki zimesimama.

Zile tatu za okestra nitazipitia kwa haraka, kwa sababu hazilingani kwa ubora. Lord of the Rings, kutoka Tales from the Twilight World ya mwaka 1990, tangu mwanzo ulikuwa wimbo wa taratibu, kwa hiyo vinanda vya nyuzi na tarumbeta vinaupanua bila kuugeuza. Black Chamber ni kipande kifupi mno ambacho katika albamu ya 1992 kilikuwa cha sauti na piano, na huku kimepata zulia la kutandikiwa tu. Theatre of Pain, unaofunga mseto, ndio wenye matamanio makubwa, na ndani yake utasikia bendi ikiota kitu ambacho haikuwa bado na uwezo wa kukifanya. Ndoto hiyo iliwachukua muda mrefu sana. Kazi yake ilianza katika miaka hiyo hiyo ya tisini, walipokuwa wakitengeneza Nightfall in Middle-Earth ya mwaka 1998, na ilikamilika mwaka 2019 ilipotoka Legacy of the Dark Lands, albamu nzima ya okestra na sauti isiyo na gitaa la metali hata moja, iliyopigwa na okestra ya Prague na kutolewa kwa jina la Blind Guardian Twilight Orchestra. Mtu aliyeyapuuza majaribio haya matatu kama vijazio alishangaa mwaka 2019. Aliyeyasikiliza vizuri hakushangaa.

Imebaki The Bard's Song, na hapa naomba ukae chini. Kwa Kiswahili chenye kina, bard ni manju, yule fundi wa nyimbo anayeongoza ngoma na kuwapa watu kiitikio. Wimbo wenyewe ulitoka mwaka 1992 katika Somewhere Far Beyond, ukiwa na magitaa makavu na sauti, na unawahusu waimbaji wanaokesha msituni na hadithi zao, ambao majina yao yatasahaulika lakini nyimbo zitabaki. Katika toleo la jukwaani lililomo katika mseto huu, Kürsch anauanzisha na watu wanaupokea, na baada ya hapo si wake tena. Sikiliza kwa makini jinsi sauti ya umati inavyokuwa: si kelele za shangwe, ni uimbaji, wenye noti sahihi na pumzi zinazokatika mahali pamoja, kama waumini wanaoimba wimbo walioujua tangu utotoni. Hawa ni vijana wa jaketi za ngozi waliofika pale kusikia ngoma za kasi. Wimbo huo haukuwamo katika Tokyo Tales, kwa hiyo mwaka 1996 hapa ndipo wengi walipousikia kwa mara ya kwanza ukiimbwa na umati, na mpaka leo hakuna onyesho la bendi hii ambalo mashabiki wake watakubali liishe bila huo. Kama albamu nzima ingekuwa makombo, wimbo huu peke yake ungetosha kuifanya iwekwe rafuni.

Nisikufiche kasoro zake. Kumweka A Past and Future Secret bila kuugusa, wakati mnunuzi alikuwa ameshaulipia mwaka mmoja tu kabla, ni jambo ambalo sijawahi kulipenda, hata kama ni wimbo mzuri wa magitaa makavu unaokaa vyema karibu na ndugu zake. Mpangilio nao una matuta: unatoka kwenye mawimbi ya California na kutumbukizwa moja kwa moja katika huzuni ya Bright Eyes, na baadaye unanyanyuliwa kutoka kwenye uimbaji wa umati wa The Bard's Song na kutupwa kwenye Barbara Ann, jambo ambalo ni sawa na mtu kuanza kupiga vigelegele kabla watu hawajamaliza kusema amina. Sielewi ni nani aliyeona inafaa.

Kwa hiyo nikujibu moja kwa moja. Albamu hii si kamili kwa maana ya kazi moja iliyofikiriwa mwanzo hadi mwisho, na binamu yako alikosea kukupa hii kama mlango wa kuingilia. Mwambie akutumie Somewhere Far Beyond na Imaginations from the Other Side, uzisikilize kila moja mara tatu au nne mpaka viitikio vikukae kichwani, ndipo urudi kwenye The Forgotten Tales, na hapo utaisikia kama mtu anayeonyeshwa jengo analolifahamu likiwa limeondolewa plasta. Ukitaka zoezi la mwanakwaya, chukua kiitikio cha Bright Eyes katika toleo la gitaa kavu, utafute kwa kinanda ni noti zipi zinazoimbwa juu na chini ya melodia, uziandike kwa tonik solfa (do, re, mi), kisha uwape wenzako watatu mjaribu. Mtaona sauti ya tena ina kazi nyingi kuliko mlivyozoea. Nyimbo za Queen na za Beach Boys zilizomo humu zisikilize sambamba na za asili, ile ya asili ikitangulia.

Na The Bard's Song usiusikilize kwa vipokea sauti vya masikioni kama nadhani ulivyofanya. Uweke kwenye spika, mlango ukiwa wazi, sauti ikiwa juu kiasi cha jirani kuja kuuliza ni kwaya gani hiyo.